Mwaka mzima wa kufungua programu kwa kuandika tu: Win+R, CMD na Windows Terminal kwenye laptopu ya steshenari

Wakuu habari za kazi. Leo narivyuu kitu ambacho hakuna aliyewahi kukinunua maana kinakuja bure ndani ya Windows na wengi wetu tunakiogopa, kile kidirisha cheusi cha CMD (Command Prompt, mahali pa kuiamrisha kompyuta kwa kuandika) pamoja na ndugu zake. Mimi si mtu wa IT. Nina steshenari ndogo Morogoro karibu na chuo, kazi ni zile zile mnazozijua, kutaipu, kuprinti, kopi, kuskani vyeti, kujazia watu fomu za mkopo na ajira. Laptopu ni moja tu, ya mtumba, ramu GB 4, betri ilishakufa zamani kwahiyo umeme ukikatika na yenyewe inazima hapo hapo.

Ilivyoanza ni hivi. Wiki ya wanafunzi kukusanya ripoti za fildi nimefungua duka asubuhi, nawasha mashine, tachipedi haisogei. Nikakimbilia droo kutafuta kipanya cha waya, nakuta waya umeguguniwa, panya wa kweli kala kipanya, mnaweza kucheka ila mimi siku hiyo sikucheka kabisa maana foleni ilikuwa imefika mpaka kwa muuza chipsi. Nahangaika na Tab na mishale kama kuku aliyepotea, ndio kijana mmoja wa foleni akasema "Dada samahani, naomba nikuoneshe kitu." Akashika kibodi, akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kakatokea kaboksi kadogo pembeni chini kushoto, akaandika winword, enta. Word hiyo. Nikamwambia na Excel je, akasema "excel hivyo hivyo tu dada." Na kikokotoo? "calc." Na ile ya kuchorea? "mspaint." Akarudi kwenye foleni yake kama hajafanya kitu, na kwa kweli ripoti yake nilimprintia bure kurasa zote.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kuandika. Fundi alibadilisha tachipedi wiki ile ile, lakini tabia ilishaingia.

Nianze na hako kaboksi ka Win+R maana kwangu mimi ndio mshindi, na ninajua wataalamu watanicheka kwamba hata sio CMD yenyewe. Uzuri wake hakana mambo mengi. Unaandika jina, enta, kanapotea, programu inafunguka. Herufi kubwa au ndogo hakajali. Kanakumbuka ulichoandika jana, ukibonyeza mshale wa chini vinashuka vyote. Unaweza kuandika programu, unaweza kuandika njia ya folda kama D:\Kazi na folda ikafunguka, unaweza kuandika anwani ya tovuti na brauza ikafunguka. Kazi yake moja tu ngumu ni kukariri majina, na mengine ni ya ajabu ajabu, kwa mfano PowerPoint ni powerpnt, nilikuwa najiuliza hivi walikosa herufi gani mpaka nikaelewa kwamba enzi za DOS (mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows) jina la faili lilikuwa halivuki herufi nane ukiacha zile tatu za mwisho baada ya nukta, na powerpnt zihesabu ni nane kamili. Basi jina likabaki hivyo hivyo mpaka leo.

Ninayotumia kila siku: winword, excel, notepad, calc, osk (hiyo inaleta kibodi ya kwenye skrini, iliniokoa siku juisi ya mteja ilimwagikia herufi za kulia), taskmgr ikiganda, appwiz.cpl kama nataka kufuta programu, na control printers kufika moja kwa moja kwenye maprinta bila kuzunguka kwenye zile setingi mpya ambazo kila apdeti zinahama mahali. Hiyo ya mwisho peke yake inastahili nyota.

Halafu kuna hii, wenye duka la intaneti isomeni mara mbili. Andika chrome --incognito. Chrome inafunguka moja kwa moja kwenye lile dirisha la siri, mteja anaingia kwenye akaunti yake, akimaliza unafunga madirisha yote ya siri na hakuna kilichobaki kimeingia. Kabla ya hapo kila jioni nilikuwa nakuta barua pepe za watu ziko wazi, mpaka matokeo ya mtu na namba zake za NIDA. Kwa Edge ni msedge --inprivate. Na Word ikigoma kufunguka, inafika nusu inaganda, jaribu winword /safe, inafunguka bila vile vinyongeza vyake, ukiona imefunguka vizuri ujue mchawi yuko kwenye hivyo vinyongeza.

Sasa CMD yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoishia kukata tamaa na mimi nilikaribia. Nilifungua kidirisha cheusi kwa mbwembwe zote nikaandika winword kama nilivyozoea, ikanijibu kwamba hilo jina halitambuliki. Nikaandika tena taratibu, labda nimekosea. Halitambuliki. Nikaenda Win+R, winword, imefunguka. Mashine ile ile, neno lile lile, sehemu moja linakubali sehemu nyingine linakataa! Nilikaa na hilo jambo siku mbili.

Jibu lake ni kwamba CMD ukiiandikia jina inatafuta sehemu chache tu, kwanza folda uliyosimama, halafu orodha ya folda inayoitwa PATH, basi, isipoona huko inakuambia haijui. Word haijakaa kwenye folda yoyote ya PATH. Win+R yenyewe ina daftari lingine la ziada ndani ya rejista ya Windows linaitwa App Paths, humo programu ikiinstoliwa inaweza kuandikishwa jina lake na mahali inapokaa, ndio maana inaijua. Sasa uzuri ni kwamba neno start nalo linasoma hilo daftari. Kwahiyo ndani ya CMD ukiandika start winword inafunguka bila ubishi. Neno moja tu. Siku mbili.

Na hilo start lina kituko chake ambacho ndio kimewapoteza watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye huu mfumo. Njia ikiwa na nafasi ndani yake, kama C:\Program Files, lazima uifunge kwenye koti (alama hizi " "), hilo linaeleweka. Ila start ikikuta kitu cha kwanza kiko kwenye koti inadhani hicho ni jina la dirisha. Kwahiyo ukiandika start "D:\Kazi za wateja\bei.xlsx" haikufungulii bei, inakufungulia kidirisha kingine cheusi kitupu chenye jina refu hilo juu yake, unabaki unakodoa macho. Dawa ni kutanguliza koti tupu, start "" na ndio uweke njia yako. Ni kama kumpa mlinzi wa getini shikamoo kwanza ndio umwambie unamtafuta nani. Imeelezwa kwenye start /? kwa anayesoma maelezo, mimi sikusoma.

Kingine cha kujichunga, cd. Uko C unataka kwenda D, unaandika cd D:\Kazi, haikulalamikii wala haikupeleki, unabaki pale pale C. Inabidi cd /d D:\Kazi. Njia fupi zaidi niliyoipenda, fungua hiyo folda kawaida, kule juu kwenye mstari wa anwani futa andika cmd enta, kidirisha kinafunguka kikiwa kimeshasimama humo humo. Na kurudi upande wa pili, ukiwa ndani ya CMD andika explorer na nukta, folda inafunguka.

Sasa raha yenyewe, faili la bat, yaani faili la maandishi lenye komandi ambazo CMD inazifanya mstari kwa mstari. Asubuhi mimi nilikuwa nafungua vitu vilevile kila siku, Word, Chrome, faili la bei, folda ya kazi, kubofya bofya huku mteja wa kwanza anagonga meza. Nikaandika kwenye notepad nikasevu kwa jina kazi.bat:

@echo off
start winword
start chrome --incognito
start "" "D:\Kazi za wateja\bei.xlsx"
start "" "D:\Kazi za wateja"

Ndio hivyo tu, mistari mitano. La kwanza nililoandika halikuwa hivi, sikuweka start, niliweka njia nzima ya Word mstari wa kwanza, na ya Chrome mstari wa pili. Nikabofya, Word ikafunguka, Chrome kimya. Nasubiri. Kimya. Nikafunga Word kwa hasira na hapo hapo Chrome ikachomoza. Kumbe ndani ya bat ukiita programu bila start, CMD inasimama inaisubiri mpaka uifunge ndio iende mstari unaofuata, wakati ukiwa umeandika mwenyewe kwa mkono kwenye kidirisha haisubiri, inakurudishia mstari papo hapo. Tabia mbili kwa kitu kimoja. Ukishajua unaitumia hata kwa faida, mfano kama unataka kitu cha pili kisianze mpaka cha kwanza kiishe.

Hilo kazi.bat nililiweka kwenye folda yangu ndogo, nikaiongeza ile folda kwenye PATH, sasa hivi Win+R, kazi, enta, duka limefunguliwa. Binti ninayemwachia duka mchana hajui komandi hata moja ila hiyo anaijua. Kuongeza PATH pitia sysdm.cpl, upande wa Advanced, kile kitufe cha Environment Variables, uongeze kwa mkono. Msitumie ile setx ya kupesti PATH nzima mnayoiona kwenye video, setx inakata maandishi yakizidi herufi 1024, kilichozidi kinaliwa, na folda zilizokuwa mwishoni zinapotea kimyakimya. Na ukishaongeza fungua kidirisha kipya, cha zamani bado kina PATH ya zamani kichwani.

Kazi iliyonifanya niamini kabisa ni ya PDF. Kiongozi wa darasa kaniletea flashi ina ripoti za wenzake zote za Word, karibu sitini, anataka kila moja iwe PDF na anaondoka na basi la saa nane. Kwa kufungua moja moja, sevu azi, chagua PDF, funga, hapo ni mchana mzima. Nilikuwa na LibreOffice (programu za ofisi kama Word na wenzake, bure pia), folda yake ya program nilishaiweka kwenye PATH, nikasimama kwenye folda ya ripoti nikaandika:

for %f in (*.docx) do soffice --headless --convert-to pdf "%f"

Hiyo headless maana yake fanya kazi bila kufungua dirisha lolote. Ikawa inatema mstari mmoja mmoja, jina baada ya jina, mimi nimekaa nakunywa chai naendelea kutoa kopi za watu. Kijana alikuwa anaangalia kile kidirisha cheusi kinavyojiandika akaniuliza kwa sauti ndogo "Dada, hii si kuhaki kweli?" Tahadhari tatu hapo: kwanza hakikisha LibreOffice haijafunguka sehemu nyingine maana inaweza isifanye kitu na isikuambie. Pili, ukihamishia hiyo komandi ndani ya bat ile %f inabidi iwe %%f, usiniulize kwanini, ndivyo ilivyo. Tatu kagua PDF mbili tatu kabla ya kumkabidhi mtu, Word na LibreOffice hazipangi kurasa sawasawa, jedwali linaweza kuhama.

Na flashi. Kila mwenye steshenari anaijua hii, mteja anachomeka flashi analia "dada vitu vyangu vyote vimegeuka shotikati." Mafaili yapo, virusi vimeyaficha tu. Kwa flashi ya E ni attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafaili yanarudi kuonekana. Ila haiui virusi, inafichua tu, kwahiyo zile shotikati usizifungue, zifute, halafu skani. Nilikuwa nachaji buku kwa hiyo huduma, sasa hivi wanafunzi wameshaijua wananichapia wenyewe.

Kosa langu kubwa la mwaka: taskkill /f /im winword.exe. Word moja iligoma kufunga, nikapiga hiyo, ikafunga. Ikafunga zote. Pamoja na barua ya mzee mmoja wa watu niliyokuwa sijaisevu, kurasa tatu, na mzee mwenyewe kakaa pale kwenye benchi. Ile ya kujiokoa ya Word ilirudisha nusu, nusu nilitaipu upya huku namwomba radhi. Komandi haikosei, inafanya ulichosema, na nilisema Word, sikusema ipi.

Windows Terminal sasa, dirisha jipya la kuandikia komandi, ambayo ndiyo inasifiwa sana mtandaoni. Microsoft waliitangaza 2019, toleo la kwanza kamili likaja Mei 2020, na kwenye Windows 11 za sasa ndiyo inayofunguka yenyewe ukiita CMD. Inaitwa kwa wt. Ni nzuri kwa macho, sibishi, ina tabu kama za brauza, maandishi yanasomeka, kukopi na kupesti hakukusumbui. Ila kwenye mashine yangu ya GB 4 nahisi inavuta miguu kufunguka, wakati kidirisha cha zamani kinatokea kabla sijatoa kidole. Halafu inakuja ikiwa imewekwa PowerShell (ndugu mwingine wa CMD mwenye lugha yake) na sio CMD, hapo anayeanza anapigwa chenga, komandi zako za start "" zinakataa maana kule start ni kitu kingine, njia ikiwa kwenye koti lazima utangulize alama ya &, bila hiyo inakurudishia maneno yako kama ulivyoandika, na faili la folda uliyosimama halikubali mpaka uanze na nukta na mkwaju .\ mbele yake. PowerShell ina nguvu, tena nyingi, lakini kama lengo lako ni kufungua Word na kuwahi foleni ni kama kukodi fuso kubebea mkungu wa ndizi. Ukijikuta humo andika cmd enta, umerudi nyumbani. Na mwenye mashine ya Windows 7 asijisikie mnyonge, Terminal hataipata, ila Win+R na CMD karibu vyote nilivyoeleza vinafanya kazi vilevile.

winget pia niliijaribu, ya kuinstoli programu kwa kuandika. winget install VideoLAN.VLC na VLC inashuka na kujiweka yenyewe, hakuna zile tovuti za kupakua zenye vitufe vitano vya uongo. Hapo imenifurahisha sana. Ila mnaotumia bando la simu msije mkaandika winget upgrade --all kama mimi, inaanza kuapdeti kila kitu kilichopo kwenye mashine, bando la wiki lilikata kabla ya saa sita mchana na mteja wangu wa fomu za ajira akahamia duka la jirani.

Kuna jambo moja ambalo sio la kucheka. Kuna kurasa za uongo mtandaoni zinajifanya zinakuhakiki kama wewe ni binadamu, zinakuambia bonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha enta. Ukifanya hivyo umepesti komandi yao waliyoikopi kimyakimya na umewafungulia mlango wa nyumba kwa mkono wako. Hakuna tovuti ya halali inayohakiki mtu kwa Win+R. Dukani kwangu nimeandika karatasi nikabandika juu ya skrini, na bado wiki iliyopita nimemdaka mama mmoja kidole kiko kwenye V.

Wa Mac na Linux najua mtakuja. Dogo mmoja wa chuoni ana Ubuntu (aina ya Linux), yeye anaandika firefox na alama ya & mwisho ili kidirisha kisishikiliwe, na kwenye Mac naona ni open -a halafu jina la programu. Kwake hakuna mchezo wa koti tupu. Nilimwonea wivu dakika moja, halafu akaniomba nimprintie kwa sababu printa yake ilikuwa haijamkubali.

Maksi zangu: Win+R tano kwa tano. CMD na bat nne, moja nimekata kwa ajili ya zile siku mbili na start. Terminal tatu kwa mashine ya GB 4, mwenye GB 8 anaweza kuipa zaidi. winget ningeipa nne kama ningekuwa na waifai ya kulipia kwa mwezi. Bei ni sifuri kote. Mwenye kujua namna ya kufanya bat moja ifungue Word mbili, moja upande wa kushoto wa skrini moja wa kulia, aniandikie, hiyo nimeitafuta sijaipata na start /max inajaza skrini nzima tu.